Linux kwenye simu kuukuu: kwa nini Samsung ya 2015 inakubali na Tecno ya juzi inakataa

Weka simu mbili mezani. Moja ni Samsung Galaxy A5 ya mwaka 2015, ina ufa pembeni mwa kioo, na wauzaji wa simu wa jengo la Mutaasa Kafeero pale Kampala hawataipa bei ya maana. Nyingine ni Tecno iliyotoka dukani juzijuzi, ina memori mara mbili ya hiyo na bado inanukia plastiki. Ukitaka kuondoa Android na kuweka mfumo kamili wa Linux, wa aina ile ile inayoendesha seva (kompyuta zinazohudumia nyingine) na kompyuta za ofisini, simu yenye nafasi ya kukubali ni ile kuukuu. Ile mpya karibu hakika itakataa, hata fundi awe hodari namna gani.

Wanaoniuliza juu ya jambo hili huanza na nguvu za simu: memori ngapi, prosesa ya kasi gani. Hayo yana mahali pake, lakini yanakuja nyuma. Swali la kwanza ni chipu gani imo ndani, na kama waliotengeneza chipu na simu hiyo waliacha maelezo ya kutosha kwa mtu mwingine kuiendesha bila wao. Asiyeanza hapo hupoteza bando, hupoteza siku, na pengine hupoteza simu yenyewe.

Kinachozeeka ni nini

Simu ya miaka kumi mara nyingi haijafa. Betri imechoka, na betri hubadilishwa. Prosesa, memori na redio ya Wi-Fi vinafanya kazi kama siku ya kwanza. Kilichokwisha ni utunzaji wa programu. Kwa simu za enzi ile, mtengenezaji alitoa visasisho kwa miaka miwili au mitatu kisha akanyamaza. Shimo la usalama likigunduliwa baada ya hapo, linabaki wazi mpaka simu itupwe.

Chukua suala la vyeti vya tovuti. Kila tovuti yenye kufuli pale juu hujithibitisha kwa cheti, na shirika la Let's Encrypt hutoa vyeti hivyo bure kwa mamilioni ya tovuti. Cheti-mzizi chake hakijulikani na Android zilizotangulia toleo la 7.1.1. Kwa miaka kadhaa Let's Encrypt ilizibeba simu hizo kwa kutumia saini ya shirika jingine, na mpango huo ulifikia kikomo Septemba 2024. Ndiyo sababu simu ya Android 6 siku hizi inaweza kukuonya kwamba tovuti fulani si salama, ilhali tovuti haina kosa. Firefox huponea hapo kwa kuwa inabeba orodha yake yenyewe ya vyeti, lakini programu nyingine hutegemea orodha ya simu, na orodha ya simu haijaguswa tangu mtengenezaji aondoke. WhatsApp nayo hupandisha kila baada ya muda kiwango cha chini cha Android inachokubali. Hivyo simu nzima inakuwa haina kazi ilhali hakuna hata kifaa kimoja kilichoungua ndani yake.

Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizorekodiwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Sehemu ya mlima huo ni vifaa vilivyokuwa vizima.

Android tayari ni Linux. Basi ugumu uko wapi?

Android inaendeshwa na kerneli ya Linux, ile iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Kerneli ndiyo sehemu ya mfumo inayosema na vifaa: inagawa memori, inawasha kioo, inapokea mguso wa kidole, inaamsha modemu. Mtu angedhani basi kwamba kuweka Linux kwenye simu ya Android ni kazi ya dakika chache.

Ugumu umo katika namna kerneli hiyo inavyofika kwenye simu yako. Kerneli ya asili hutunzwa na maelfu ya watu duniani kote, na toleo jipya hutoka takribani kila wiki tisa au kumi. Kampuni ya chipu, tuseme Qualcomm, ikitengeneza chipu mpya huchukua toleo moja, hulinakili na kubandika humo draiva zake, yaani programu zinazoendesha vifaa. Kampuni ya simu nayo huchukua nakala hiyo na kuongeza mabandiko ya kioo chake, kamera yake na chaja yake. Sehemu kubwa ya mabandiko hayo hairudishwi kwenye kerneli ya asili. Kerneli ya asili inasonga mbele, nakala inabaki pale ilipokatwa.

Galaxy A5 ya 2015 ina chipu ya Snapdragon 410, ya Qualcomm. Nakala ya kerneli iliyotolewa kwa chipu hiyo ni ya toleo la 3.10, lililotoka Juni 2013. Wenyewe watunzaji wa kerneli waliacha kuliangalia toleo hilo Novemba 2017. Simu iliyo mezani leo, hata ukiisafisha na kuirejesha kama ilivyotoka kiwandani, imesimama juu ya msingi wa 2013.

Kwa nini basi tusichukue kerneli mpya na kuipachika? Kwenye kompyuta inawezekana. Flashi moja yenye Debian, mmoja wa mifumo ya Linux, itawaka kwenye HP, kwenye Dell na kwenye Lenovo, kwa kuwa kompyuta hizo hujieleza: kerneli ikiamka huuliza bodi ina vifaa gani, na bodi hujibu. Simu haijibu. Kerneli lazima ipewe mapema ramani ya vifaa, faili linalosema kioo kimeunganishwa wapi, kinataka volti ngapi, kitufe cha sauti kiko pini ipi na betri inapimwa na chipu gani. Ni kama kumwingiza mtu usiku katika nyumba isiyowashwa taa: asipoelekezwa na aliyewahi kuishi humo, atapapasa kuta mpaka asubuhi bila kuona swichi. Na ramani hiyo huandikwa kwa kila modeli peke yake. Galaxy A3 na Galaxy A5 za mwaka ule ule, zenye chipu moja, kila moja ina yake.

Kwa hiyo hakuna faili moja la Linux linalofaa simu zote. Anayekuuzia moja la namna hiyo anakudanganya.

Njia mbili za kutoka

Watu wa programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, wamepata njia mbili za kuupita ukuta huu, na ni muhimu kuzitofautisha, maana mtu akisema tu “nimeweka Linux kwenye simu” bado hujajua amefanya nini.

Njia ya kwanza ni kuiacha kerneli ya zamani mahali pake na kubadilisha kila kilicho juu yake. Ubuntu Touch inafuata njia hii kwenye simu nyingi inazozikubali. Mfumo huo ulitangazwa Januari 2013 na Canonical, kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na simu ya kwanza iliyouzwa nao, BQ Aquaris E4.5, ilitoka Februari 2015. Aprili 2017 Shuttleworth akatangaza kwamba kampuni inaachana na mradi huo. Haukufa. Ulichukuliwa na watu wa kujitolea wa UBports, kundi lililoanzishwa na Marius Gripsgård, na Machi 2023 walitoa toleo lililojengwa juu ya Ubuntu 20.04 baada ya miaka mingi ya kukaa juu ya 16.04.

Kiungo kinachowezesha hayo kinaitwa Halium. Draiva za Android zinawekwa katika chumba chake kidogo ndani ya mfumo, na programu iitwayo libhybris inafanya ukalimani kati ya draiva hizo na programu za kawaida za Linux. Faida yake inaonekana siku ile ile: kamera inapiga picha, simu inaita, GPS inakuonyesha uko Wandegeya, kwa kuwa draiva zote ni zile zile za mtengenezaji. Hasara yake haionekani kwa macho. Ikiwa kerneli ilikuwa 3.10, bado ni 3.10. Mashimo yaliyomo kwenye msingi yamebaki, na hakuna mtu wa UBports anayeweza kuyaziba yote.

Njia ya pili ni ndefu zaidi. Mwaka 2017 Oliver Smith alianzisha mradi wa postmarketOS akiwa na lengo moja alilolisema wazi: simu idumu miaka kumi. Mfumo wake umejengwa juu ya Alpine, toleo dogo mno la Linux, na unatoa matoleo mawili kila mwaka, la katikati ya mwaka na la Desemba. Palipowezekana, postmarketOS inaitupa kabisa kerneli ya mtengenezaji na kutumia ile ya asili. Ili hilo liwezekane, lazima mtu akae aandike ramani ya vifaa vya simu hiyo na draiva zinazokosekana, mara nyingi bila karatasi yoyote kutoka kiwandani.

Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu kazi hii haisifiwi inavyostahili. Chipu za Qualcomm zina kitengo cha picha kinachoitwa Adreno, na kampuni haikutoa draiva huria. Rob Clark alianza kukichunguza kutoka nje, akiangalia amri zinazoingia na kinachotoka, mpaka akaandika draiva yake, Freedreno. Leo draiva hiyo ni sehemu ya kawaida ya Linux. Kwa chipu zenye kitengo cha picha kiitwacho Mali, wengine wamefanya vivyo hivyo na kutoa Lima na Panfrost. Kundi jingine likajikita kwenye Snapdragon 410 pekee, likaandika ramani za makumi ya simu za chipu hiyo na programu ndogo ya kuziwasha, lk2nd. Matokeo yake, Galaxy A5 iliyoachwa na kerneli ya 2013 inaweza leo kuendesha kerneli ya mfululizo wa 6 yenye visasisho vya usalama vya hivi karibuni. Simu zinazouzwa mpya kwa bei ya chini mara nyingi hazina hicho.

Bei ya njia hii ni kwamba hupati kila kitu. Kamera ndiyo hukwama mara nyingi zaidi, maana kamera ya simu ni rundo la vifaa na hesabu za siri. Sauti inaweza kusumbua. GPS pia. Kila simu kwenye postmarketOS ina ukurasa wake wenye jedwali linalosema wazi kipi kinafanya kazi, kipi nusu, kipi hapana, na usiguse waya wa USB kabla ya kusoma jedwali hilo mstari kwa mstari. Angalia pia simu imewekwa kundi gani. Zilizo kwenye kundi la majaribio nyingine zinawaka kioo tu, basi.

Mimi napendelea njia ya pili, pamoja na mapungufu yake, kwa kuwa inagusa chanzo cha ugonjwa. Lakini anayetaka simu ya mfukoni yenye kamera, na simu yake imo katika orodha ya Ubuntu Touch, achukue ya kwanza bila wasiwasi mwingi.

Simu zilizopo Uganda

Hapa habari inakuwa chungu. Simu zilizojaa Kampala, Arua, Mbale na Busia ni Tecno, itel na Infinix, zote za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen. Sizidharau. Bei zake ndizo zilizowafikisha watu wengi wa kipato cha chini kwenye intaneti. Lakini nyingi zina chipu za MediaTek au za Unisoc, iliyojulikana zamani kama Spreadtrum, na kwa chipu za namna hiyo kazi ya kuhamia kerneli ya asili imefika mbali kwa simu chache sana. Waandishi wa draiva wengi wako Ulaya na hawajawahi hata kuishika itel mkononi.

Kuna upande wa sheria pia. Kerneli ya Linux iko chini ya leseni ya GPL toleo la 2, nayo inamtaka anayekupa simu yenye kerneli hiyo akupe na msimbo wake ukiuomba. Wapo watengenezaji wanaouweka wazi mapema, wapo wanaouweka miezi baadaye, wapo wanaokaa kimya. Msimbo huo, hata ukiwa mchafu, ndio unaoonyesha volti na pini, na bila huo ramani ya vifaa ni kubahatisha. Vijana wetu wa vyuo wanaosoma kompyuta wangefanya jambo la maana kuuomba kwa maandishi, modeli kwa modeli. Ni haki ya mnunuzi.

Kwa anayetafuta simu ya kuanzia sasa, tafuta iliyotumika. Kwenye Snapdragon 410 kuna Galaxy A3 na A5 za 2015, Xiaomi Redmi 2 na Moto G4 Play. Mwenye fedha zaidi atafute OnePlus 6 au Xiaomi Poco F1, zote za 2018 zenye Snapdragon 845. Hizo zina nguvu ya kutumika kama kompyuta kamili. Kwa Ubuntu Touch, Google Pixel 3a ina sifa nzuri. Usiridhike na jina lililoandikwa mgongoni. Samsung huuza simu za jina moja zikiwa na chipu tofauti kulingana na nchi, kwa hiyo fungua mipangilio, soma namba ya modeli hadi herufi ya mwisho, na uilinganishe na ukurasa wa simu hiyo.

Kufuli la kuwashia

Kabla mfumo wowote haujaingia, lazima ufungue butiloda, programu ndogo inayoamka kwanza na kuamua simu iwashe nini. Kila kampuni ina desturi yake. Xiaomi inakutaka uombe kwa akaunti na kusubiri, mara nyingi wiki nzima. Samsung nyingi za zamani hufunguliwa kwenye mipangilio ya wasanidi, lakini zenye ulinzi wa Knox huchoma alama ya kudumu ndani ya chipu isiyofutika tena. Huawei iliacha kutoa namba za kufungulia mwaka 2018, kwa hiyo Huawei za baada ya hapo ziache.

Kufungua butiloda kunafuta kila kilichomo. Picha na namba za watu zihamishwe mapema. Jambo lisilosemwa vya kutosha ni kuhifadhi pia sehemu za siri za modemu, zile zinazobeba IMEI, namba ya utambulisho wa simu, na vipimo vya redio. Zikifutika, simu itawaka vizuri kabisa lakini haitashika mtandao, na hakuna faili la mtu mwingine litakaloziba pengo. Zinakiliwe kwenye kompyuta kwanza, halafu ndipo mengine.

Simu ya mkopo ambayo hujamaliza kulipa usiiguse. Nyingi zina kufuli linalosimamiwa kutoka mbali, na kulichezea ni kuvunja mkataba. Simu ya mitumba iliyofungwa kwa akaunti ya Google ya mtu mwingine inaweza kuwa ya wizi. Irudishe kwa aliyekuuzia.

Kazi yenyewe ya kuflashi, yaani kuingiza mfumo mpya kwenye simu, ni fupi kuliko maandalizi yake. Unahitaji kompyuta, ikiwezekana ya Linux, na waya mzuri. Zipo simu zenye mfumo uliokwisha tayarishwa, wa kupakua na kuingiza. Nyingine unajitayarishia kwa chombo cha postmarketOS kiitwacho pmbootstrap, kinachokuuliza maswali kisha kinajenga mfumo wenyewe. Kujitayarishia hula bando zaidi, na tangu Julai 2021 bando zetu zinabeba ushuru wa asilimia 12, kwa hiyo kama kuna Wi-Fi ya chuo au ya ofisi, fanyia huko. Mifumo iliyotayarishwa huja na nywila inayojulikana na dunia nzima, 147147. Ibadilishe kabla hujaunganisha simu popote.

Je, itapiga simu? Itatuma pesa?

Kwa kupiga simu tuna nafuu ambayo wenzetu wa Marekani hawana. Kule kampuni kama AT&T zilizima 3G mwaka 2022, na karibu simu zote za sauti sasa zinapita kwenye 4G au 5G, kwa utaratibu ambao Linux ya simu bado inahangaika nao. Hapa MTN na Airtel bado zinabeba sauti kwenye 2G na 3G, na Linux inazifahamu njia hizo vizuri zaidi. Simu ambayo mkazi wa Chicago anaiona haina faida inaweza kuita mjini Gulu.

Pesa za simu ndizo mtihani halisi kwa Mganda. Habari njema ni kwamba *165# ya MTN na *185# ya Airtel hupita kwenye modemu, hazipiti kwenye Android. Programu inayosimamia modemu kwenye mifumo hii, ModemManager, inajua kutuma namba hizo na kupokea majibu yake. Ila jaribu kwanza kwa kuangalia salio, menyu moja baada ya nyingine hadi mwisho, kabla hujaitegemea laini yenye fedha. Wakazi wa Busia wenye laini ya Safaricom wajue kwamba menyu ya M-PESA iliyo ndani ya laini haitegemewi kujitokeza kwenye mfumo huu, watumie *334#.

WhatsApp haina programu ya Linux ya simu. Unaweza kuifungua kupitia kivinjari ikiwa imeunganishwa na simu nyingine yenye Android, au ukaendesha Android ndani ya Linux kwa Waydroid, jambo linalotaka memori ambayo simu ya 2015 haina. Programu za benki ziache kabisa. Nyingi hukagua kama Android ni halali na hukataa. Hivyo kwa watu wengi simu hii haitakuwa ile ya pekee mfukoni.

Mahali inapong'aa

Itoe mfukoni na uiweke rafuni. Simu kuukuu yenye postmarketOS ni seva inayokula wati chache, haina feni na inabeba betri yake ndani. Umeme ukikatika, kompyuta ya mezani inazima na kupoteza kazi. Simu inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, na hata sola ndogo inaitosha.

Fikiria shule ya sekondari isiyo na intaneti nje ya mji wa Arua. Mradi wa Kiwix huhifadhi Wikipedia nzima katika faili moja linalosomeka bila mtandao. Wikipedia ya Kiingereza pamoja na picha ni zaidi ya GB 100, lakini ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ni ndogo kiasi cha kuingia kwenye simu bila shida, na zipo pia sehemu za masomo maalumu. Simu inaunganishwa na ruta ya bei nafuu, wanafunzi wanafungua kivinjari, wanasoma. Kama chipu ya Wi-Fi ya simu hiyo inaruhusu kugawa mtandao, hata ruta haihitajiki. Mwenye duka anaweza kuweka daftari lake la bidhaa na madeni kwenye simu ya namna hiyo, likasomwa na wauzaji wote dukani, bila kulipia huduma ya mwezi.

Betri itazamwe. Betri ya lithiamu inayokaa imejaa kwenye chaja usiku na mchana huchoka na kuvimba, hasa penye joto. Baadhi ya simu huruhusu mfumo kusimamisha chaji kabla haijajaa. Kwa zisizoruhusu, tumia soketi yenye saa inayozima na kuwasha. Ukiona mgongo wa simu umeinuka, zima, ipeleke kwa fundi, na usiitoboe.

Mwenye Tecno afanye nini

Asihangaike na butiloda. Aweke Termux, akiipata F-Droid, duka la programu huria, ambako ndiko inakotunzwa vizuri, kwenye Android 7 au zaidi. Hiyo ni dirisha la amri la Linux ndani ya Android yenyewe: Python, Git, seva ya tovuti, na kwa nyongeza ya proot-distro hata Debian au Alpine nzima, bila kufuta chochote na bila kupoteza WhatsApp. Mwanafunzi wa Makerere asiye na kompyuta anaweza kujifunza Linux hivyo, kwa kibodi ya Bluetooth na simu aliyonayo. Kuanzia Android 12 mfumo una tabia ya kuziua kazi za nyuma zinapozidi, kwa hiyo kwa seva ya kukesha haitegemewi sana. Na Termux haibadilishi kerneli wala haizibi shimo lolote la Android iliyo chini yake, hivyo simu iliyoachwa na visasisho, hata ikiwa na Debian ndani, isitumike kwa nywila za benki.